Kimea Nje ya Kizingiti

Bibi yangu alishuka kwenye basi dogo linalotoka upande wa Isikizya, wilayani Uyui, akiwa na fimbo mkononi, kadi ya kliniki imefundikwa kwenye pindo la kanga, na nyuma yake kondakta amekumbatia gunia linalochuruzika maji. Kondakta alilitua miguuni mwangu, akakamua shati lake, akauliza kwa heshima zote kuna nini humo ndani, maana abiria wa siti ya nyuma walikuwa wamepakata viatu vyao tangu nusu ya safari.

"Mtama," Bibi alisema.

"Mbona una joto, mama?"

"Unaota."

Alikuwa ameitwa hospitali siku ya Jumatano kwa ajili ya nyonga. Taarifa ilimfikia akiwa ameshauloweka mtama mwekundu, ameshauchuja, na ameshaufunika kwa majani ndani ya gunia ili utoe vichipukizi. Mtu mwingine angeahirisha kliniki, au angeuacha mtama kwa jirani. Bibi alipanda na gunia kwenye basi. "Daktari anaweza kunisubiri," aliniambia tukiwa kwenye bajaji, "ameajiriwa. Mtama haujaajiriwa na mtu."

Ni lazima niseme gunia lile lilikuwa nini hasa, maana bila hivyo mtu atadhani tulihangaika kwa ajili ya kinywaji. Nyumba ya Bibi ilikuwa imeezekwa kwa nyasi, na nyasi zilikuwa zimechakaa kiasi kwamba mchana ungeweza kusoma gazeti kitandani bila kufungua dirisha. Mjomba wangu, anayeishi Mwanza, alikuwa amenunua bati mwaka uliopita. Zilikuwa zimeegemezwa nyuma ya nyumba, kuku wakitagia kivulini mwake. Alizileta na sharti: mvua za mwaka huu zikiikuta nyumba bado ina nyasi, angekuja na gari amchukue mama yake, akaishi naye mjini. Alishampakia rangi chumba. Bibi alikiona chumba hicho alipokwenda kwenye harusi, na alirudi na taarifa moja tu, kwamba dirisha lake linatazama ukuta wa nyumba ya watu.

"Nikae nitazame ukuta wa watu mpaka nife," alisema. "Na hata huo ukuta hawajaupiga lipu."

Kijijini kwao mjane haajiri fundi. Anatangaza siku, anapika pombe, na wanaume wanakuja na nyundo zao. Wanaezeka, wanakunywa, wanaimba, wanarudi kwao. Bila pombe, wanaume hao hao huwa na migongo inayouma. Na pombe ya kule haianzi kwenye chungu. Inaanza kwenye kimea, yaani huo mtama ulioota ukakaushwa juani ukawa mtamu. Kimea kikivunda, hakuna pombe, hakuna nyundo, hakuna paa, na mjomba anawasha gari. Kwa hiyo gunia lile lililoniloanisha mapaja kwenye bajaji lilikuwa paa la nyumba, isipokuwa lilikuwa bado katika hatua ya mtama.

Nilikuwa nimepanga chumba Isevya, mjini Tabora, katika nyumba yenye ua mpana wa saruji. Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mjane, ambaye ukoo wake ulifika Tabora kutoka Omani zama za misafara, ukauza ulichokuja nacho, na mpaka leo haujarudi. Chumba cha mbele alikigeuza duka la tende, viungo na udi. Aliponipa ufunguo alinitajia masharti: mbwa hapana, muziki baada ya isha hapana. Kisha alishusha sauti. "Na ile kitu, mwanangu, hapana kabisa." Sikuuliza ni kitu gani. Wote wawili tulijua.

Alikuwa barazani tulipofika. Alimwona Bibi, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Nikaona uso wa mwenye nyumba ukilainika ghafla. Alikuwa bi mkubwa wa mtaa mzima. Nadhani ilikuwa imepita miaka mingi tangu mtu amwite mwanangu. Akaagiza maji ya kunywa, akaagiza kiti, kisha akaliona gunia.

"Na huu mzigo?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni mtama tu. Lakini mimi ni mtu wa kutunga, na ulimi wangu una mazoea mabaya ya kukimbia mbele.

"Kimea, mama," nilisema. "Cha togwa."

Togwa ni kinywaji kitamu kisicholevya, hata watoto hukinywa. Bibi alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyejikojolea kwenye mkeka wa ugenini. Hakusema kitu. Siku zote zilizofuata alikuwa akinikumbusha hivyo, kwamba yeye hakusema kitu.

Kesho yake, Jumanne asubuhi, tulitandaza turubai uani, tukamwaga mtama juu yake. Vichipukizi vilikuwa vyeupe, virefu kama kucha ya kidole kidogo, vimeshikana kama watu walioogopa. Bibi alivitenganisha kwa ncha za vidole. Kisha alikaa kivulini, akaweka mguu mbaya juu ya kiti, akaanza kunifundisha kwa fimbo.

"Kisizidi unene wa kidole. Ukikirundika kinapata homa, kikipata homa kinaota ukungu, na pombe inakuwa chungu. Geuza. Usigeuze hivyo, hupepeti mchele. Geuza kama unamgeuza mtoto aliyelala."

Niligeuza.

"Usikivuke." Fimbo ikanigonga kwenye kifundo cha mguu. "Zunguka. Kimea hakivukwi, mke mwenzangu, hata kama una haraka ya kwenda kuandika."

Bibi huniita mke mwenzake tangu nilipozaliwa, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Kwa sababu hiyo hana huruma na mimi hata kidogo.

Kazi ya kulinda ilikuwa yangu. Meza yangu ilikuwa dirishani, mbele ya ua, na kwa maoni ya Bibi mtu anayeshinda amekaa na karatasi ni mtu aliyeumbwa kwa ajili ya kulinda kimea. Saa nne hivi alinyoosha shingo kuelekea dirishani.

"Unaandika nini hapo?"

"Riwaya, Bibi."

"Imekauka?"

"Bado."

"Basi njoo ugeuze hii."

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimesoma mbele ya watu, katika kikao cha waandishi Dar es Salaam, kurasa mbili nzima kuhusu jua la Tabora. Nililiita shaba, nikaliita ngoma, nikaliita na jambo jingine ambalo leo naona haya kulirudia. Watu walipiga makofi. Kumbe sikuwa nimewahi kulitazama jua hilo likiwa kazini. Asubuhi kimea kilinukia tango lililokatwa. Mchana kilinukia udongo. Kuelekea alasiri, punje za pembeni zilianza kutoa harufu tamu, ya mbali, kama andazi linalokaangwa nyumba ya tatu, na vichipukizi vilivyokuwa vyeupe vikajikunja vikawa na rangi ya nyasi kavu. Hakuna shaba wala ngoma iliyohusika.

Mwenye nyumba alitoka kuswali adhuhuri, akasimama juu ya turubai, akatikisa kichwa.

"Mama, nani kakufundisha kuanika kwenye plastiki?"

"Ndicho nilichokikuta kwa mjukuu."

"Plastiki inatoa jasho chini. Sisi tende haziwekwi hapo hata saa moja." Akaingia ndani, akatoka na jamvi la ukindu lililokuwa limekunjwa nyuma ya mlango miaka na miaka. Tukahamisha kimea chote. Alikunja mikono ya gauni, akapiga goti, akaanza kukitandaza mwenyewe, na nikaona kwamba mikono ile ilikuwa imeshaanika ndimu, pilipili, tangawizi na kila kitu kinachoweza kukauka chini ya mbingu.

Bibi alimtazama muda mrefu. "Pembeni unaweka chembamba mno," alisema.

"Pembeni upepo unapita, mama. Kikiwa kinene kitachelewa."

"Kikiwa chembamba kitaungua."

"Basi tuone kesho."

Ikawa mashindano. Bibi alitunza upande wa jikoni, mwenye nyumba upande wa duka. Alikigeuza kabla ya alasiri na baada ya alasiri. Kuku wake mwenyewe, hasa jogoo mmoja mwenye kiburi, aliwatupia makubadhi yake kwa shabaha ambayo sikuwahi kuidhania. Jumatano asubuhi, kabla sijampeleka Bibi kliniki, nilimkuta mwenye nyumba ameshachukua punje kutoka pande zote mbili, anazitafuna kwa zamu na macho ameyafumba. "Changu kitamu zaidi," alimwambia Bibi. Bibi naye akatafuna, akakubali kwa shida, kama mtu anayetoa jino.

Mimi nilikuwa nimefurahi kiasi cha kusahau kwamba nimedanganya. Uongo, kwa bahati mbaya, haukunisahau.

Kwetu kimea ni kama moto wa jikoni: jirani akija kuomba, unampa. Kiganja kimoja tu ndani ya uji kinaulainisha na kuutia utamu, na mtoto anayekataa kula anakula. Ningesema kimea hiki ni cha pombe, watu wa mtaa ule wangepita mbali. Lakini mwenye nyumba, kwa upendo, alikuwa amewaeleza wateja wake wa dukani kwamba uani kwake kuna bibi kutoka Uyui anaanika kimea cha togwa ambacho hajapata kuona mfano wake. Tuliporudi kutoka kliniki, wanawake watatu walikuwa wanasubiri barazani, kila mmoja na bakuli.

"Nina mtoto hali kitu, mama. Kidogo tu cha uji."

Bibi aligeuka kwangu. "Mpe," alisema kwa upole wa kutisha. "Si cha togwa?"

Nikampa. Akaja wa pili na wa tatu. Akaja wa nne na wa tano. Kila bakuli lilipojaa, Bibi alinitazama, kisha akatazama juu, mahali ambapo bati zake zingekuwa. Kufikia saa nane, ukindu ulikuwa unaonekana katika pembe moja ya jamvi.

Ndipo mwenye nyumba alipokuja na jambo lake. Alikaa karibu na Bibi, akatia mkono ndani ya kimea, akawa anakichezea huku akizungumza.

"Mama, Ijumaa kuna maulidi kwa dada yangu. Nimewaambia watakunywa togwa ambayo hawajawahi kuinywa. Nakuomba nusu ya hiki. Nitakupa tende za kwenda nazo, nitakupa sukari, chochote utakacho."

Nusu ya kimea ilikuwa nusu ya paa. Nilimtazama Bibi. Bibi alitazama kidole gumba cha mguu wake. Nikaelewa kwamba hata kama ingebaki punje moja, yeye asingefungua mdomo.

"Mama," nilisema, "si cha togwa."

Mkono wa mwenye nyumba ulisimama.

"Cha nini?"

"Cha ile kitu."

Aliutoa mkono polepole, akauweka mapajani, kiganja kikitazama juu, kana kwamba alikuwa ameshikilia kitu ambacho hakujua pa kukiweka.

"Siku mbili nakigeuza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nikitoka kutawadha."

"Ndiyo."

"Na wewe umekaa dirishani unaniangalia."

Angepiga kelele ningepata nafuu. Akamgeukia Bibi. "Na wewe mama, mtu mzima, ukanyamaza."

"Nilinyamaza," Bibi alisema. "Huyu aliupika uongo, mimi nikaula. Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa mgeni na gunia langu lilikuwa linavunda. Lakini hiki si pombe. Ni mtama ulioota. Majirani zako sasa hivi wanawanywesha watoto wao."

"Kila kitu ni nia, mama. Wale nia yao ni uji. Nia yako ni pombe."

"Nia yangu ni paa," Bibi alisema.

Akamweleza. Alimweleza nyasi, bati, kuku wanaotagia chini ya bati, wanaume wenye migongo, mjomba na gari lake, na chumba kilichopakwa rangi. Mwenye nyumba alisikiliza akiwa amekaza midomo. Nilikuwa najua, kwa kuwa alishaniambia mara kadhaa akipima tende, kwamba mwanawe naye alikuwa amemwekea chumba Dar es Salaam, ghorofa ya nne, na kwamba kila mwezi anampigia simu kumuuliza anakuja lini.

"Hicho chumba," aliuliza mwishowe, "kina dirisha?"

"Linatazama ukuta."

Akainuka. Akaingia ndani, akaswali alasiri, na sisi tukakaa uani kama watuhumiwa, Bibi akigeuza kimea kwa fimbo kwa sababu hakuweza kujizuia. Mwenye nyumba alipotoka alikuwa ameshakata shauri.

"Hakikauki ndani ya ua wangu," alisema. "Wala juu ya jamvi langu. Kitoke. Wewe mama utabaki, chumba ni cha mjukuu wako na mgeni ni mgeni. Kimea kitoke."

"Kiende wapi?" niliuliza.

Alitangulia mpaka mlango wa mbele, akavuka kizingiti, akashuka barazani, akaonyesha kwa kidole kipande cha ardhi kati ya baraza na mtaro. "Baraza ni yangu. Kuanzia hapo ni pa serikali."

"Serikali inakunywa," Bibi alisema nyuma yetu.

Kwa hiyo Alhamisi nzima nilikaa kando ya barabara ya mtaa, kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikilinda turubai dhidi ya bajaji, vumbi, na maswali ya wapita njia. Wale wa mabakuli walikuwa wameshapata habari. Walipita upande wa pili, wakinisalimu kwa mbali. Mmoja aliniuliza kama uji aliompa mtoto jana una madhara, maana mtoto alilala vizuri mno.

Saa tatu kuku walitoka kwa mstari, jogoo mbele. Nilikuwa bado nainuka kwenye ndoo pale kubadhi lilipopita kando ya sikio langu, likampata jogoo mgongoni. Mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, unyayo mmoja mtupu.

"Asante, mama," nilisema.

"Usinishukuru. Nafukuza kuku wangu. Siku moja nitawala hawa, sitaki wawe wamekula hicho." Akanyoosha mkono. "Lete kiatu changu."

Baadaye kidogo akaja mbuzi. Hakuwa wake. Mwenye nyumba alimtazama mbuzi, akatazama turubai, akatazama kubadhi lake, na nikaona sheria nzima ikimpita usoni.

"Huyo si wangu," alisema.

"Si wako, mama."

Mbuzi akanyoosha mdomo.

"Lakini ni wa jirani," alisema, "na jirani ana haki yake." Akamtupia yote mawili.

Adhuhuri alihamishia kiti ukingoni kabisa mwa baraza. Hakukigusa tena kimea. Aliongea hewani, kama mtu anayetoa maoni kuhusu hali ya dunia. "Upande ule wa kushoto bado una maji." Nikageuza upande wa kushoto. "Mtu mwenye akili angekisogeza, kivuli cha mti kinakuja." Nikakisogeza. Bibi alikuwa amekaa karibu naye, miguu juu ya kigoda kimoja, wakila tende na kumsema daktari wa nyonga.

Jioni Bibi alichota konzi moja ya kimea, akaitikisa sikioni mwake, kisha bila kuomba ruhusa akausogeza mkono kwenye sikio la mwenye nyumba. Kimea kilichokauka sawasawa kinalia kama changarawe ndogo. Mwenye nyumba alisikiliza.

"Kimekauka," alisema. Kisha akakumbuka. "Astaghfirullah."

Ijumaa Bibi aliondoka na gunia jepesi, na wiki moja baadaye nilikwenda kijijini kwa siku ya kuezeka. Bibi alikuwa ameshasaga, ameshapika, ameshatangaza. Alichokuwa hajatangaza ni kwamba, kwa sababu ya mabakuli ya Isevya, mtungi mmoja ulikuwa umepungua. Alinivuta pembeni. "Leo hanywi mtu ambaye miguu yake iko chini," alisema. "Ukikosea hapa, mke mwenzangu, unahamia Mwanza pamoja na mimi."

Basi nilipandisha kata ya pombe kwa ngazi. Kila safu ya bati ikipigiliwa, kata moja moja. Wanaume walilalamika kwamba hii si desturi, kwamba pombe hunywewa umekaa, na mmoja alisema ananyweshwa kama ndama. Lakini ilikuwa pombe nzuri, nyekundu, yenye utamu kwa chini, na kazi ilikwenda haraka kuliko ilivyotegemewa. Saa saba upande wa mbele ulikuwa umeisha. Upande wa nyuma ulikuwa mbao tupu na anga. Nikainamisha mtungi wa mwisho na kata ikagonga chini.

Ndipo tukasikia gari. Mjomba alikuwa ameona mawingu Mwanza, akajumlisha mambo, akaja. Alishuka na kamba ya kufungia godoro begani, akasimama akitazama nusu ya paa.

"Mama," alisema, "nilikwambia."

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Mvua imefika Shinyanga. Hii haiishi leo. Kusanya vitu."

Wanaume juu walikuwa wamesimamisha nyundo. Wawili walikuwa wameanza kushika migongo. Bibi alizunguka gari lile la mizigo, akaligonga kwa fimbo ubavuni.

"Limekuja vizuri. Ngazi yetu ya nyuma ni fupi. Lisogeze ukutani."

"Mama, rangi ya gari."

"Lisogeze. Na wewe ni mrefu, utawapokeza bati."

Sijui kama alitii kwa heshima au kwa sababu wanaume sita walikuwa wameshashuka na kulipanda gari lake wakiwa na nyundo. Alirudi nyuma mpaka bampa ikagusa ukuta, akavua koti, akaanza kupokeza. Kata ya mwisho, ile iliyokuwa na machicha, Bibi alimpa yeye, mbele ya wote. Mjomba alishaacha pombe; aliniambia mwenyewe. Aliinywa yote, akafuta mdomo, akauliza mtama huu umeanikwa wapi. Baada ya hapo hakuna mwanaume aliyeweza kushuka akamwacha mtu wa Mwanza, mwenye viatu vya ofisini, akiwa bado anafanya kazi. Walimaliza kofia ya paa jua likiwa bado liko juu ya miti.

Waliondoka wakilalamika kiu. Mjomba alikaa juu ya tairi la akiba, akipapasa mikwaruzo ya gari. Bibi aliingia ndani peke yake kuangalia. Tulimsikia akitembea na fimbo chumba hadi chumba, kisha akasimama.

"Kuna tundu," alisema kutoka ndani. "Msumari umekosea. Naona jua."

Mjomba alinitazama. Mimi nilitazama kwingine. Akavua viatu, akavua soksi, akazitia ndani ya viatu, akapanda kwenye gari, na kutoka hapo akapanda juu ya paa akiwa na kopo la lami ya kuzibia. Kutoka chini, fimbo ya Bibi ikaanza kugonga bati kumwonyesha.

"Hapo," alisema. "Si hapo. Rudi nyuma. Nyuma kidogo. Hapo, tulia hapo, na ukimaliza kuna jingine."